Kabureta Haipigiwi Kura

Gari likipita barabara ya Kilwa, na mie nimelala chini ya gari la mtu, nasikia pumzi yake tu najua kabureta yake nzima au imechoka, na kama kuna mtu aliyeifungua bila kujua anachofungua. Sijisifu, nasema yalivyo. Hapa Mbagala gereji ni nyingi, lakini watu wanatoka na magari yao Kunduchi, wanazipita zote, wanakuja kunisubiri mie. Shule niliiacha darasa la tatu. Kila nilichonacho, nyumba, gereji, kiwanja cha Chanika, nimekichimba kwa mikono hii yenye mafuta. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Lakini ukiniuliza injini ipi naijua kuliko zote, nitakutajia ya lori ambalo halipo tena, na walioliua wanasema nililiua mie. Wengine bado wanasema hivyo. Nikikutana nao msikitini tunapeana mikono.

Kazi nilijifunza mtaa wa Gerezani, kwenye gereji ya Mhindi mmoja, miaka ileile tuliyopata Uhuru. Hakunifundisha. Alinipa karai la petroli, brashi na rundo la kabureta, akaniambia osha. Nikaosha. Ukikiosha kitu kila siku, kila tundu, kila kimfereji, unakijua hata usipofundishwa, kama mwanamke anavyoijua sufuria yake gizani. Siku moja mafundi wakubwa walikuwa wanabishana kabureta ya mezani ni ya gari gani, na mie nikasema kutoka kwenye karai, hiyo ya lori, ya kubebea mchanga, tena imetolewa gavana. Walicheka. Mhindi akaigeuza, akatazama, hakucheka. Kuanzia siku ile nikapewa spana.

Kabureta kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye injini. Hilo kila mtu analijua. Wasilolijua ni kwamba ya lori na ya gari dogo zote huitwa kabureta lakini hazikulelewa nyumba moja. Ya gari dogo ni ya mtu mwenye haraka. Koo lake jembamba, ili hewa ikimbie hata injini ikizunguka polepole. Pembeni ina kipampu, ukigusa mafuta kwa mguu tu inatema petroli, gari linaruka. Bakuli lake la petroli dogo, kwa sababu gari dogo halikai likivuta kitu muda mrefu. Linakimbia, linasimama dukani, linapumzika. Ya lori ina koo pana, mwili mzito usioogopa mtikisiko, bakuli kubwa, na ndani kuna tundu la akiba. Lori likiwa tupu tundu lile limefungwa. Likianza kuvuta mzigo linafunguka lenyewe, petroli inaongezeka. Juu yake wanaweka gavana, kifaa cha kumzuia dereva asiizungushe injini kupita kiasi, kimefungwa kwa waya na muhuri wa risasi ili mkono wa mtu usifike. Wazee wa Gerezani walikuwaga wakisema magavana wote walipanda meli siku ya Uhuru, akabaki huyu wa kwenye lori.

Na kuna jambo moja ambalo hata mafundi wengi hawalijui mpaka leo. Petroli si chakula cha injini tu, ni maji yake pia. Injini inayovuta mzigo mzito ukiinyima petroli haikondi. Inaungua.

Lori lenyewe nililikuta Chang'ombe, limetupwa nyuma ya ghala, majani yameota mpaka kwenye usukani. Lilikuwa la petroli, la zamani, la Waingereza. Wakati huo sie wa mtaa wetu wa Temeke tulikuwa tumeanzisha shirika. Ndiyo ilikuwa nyimbo ya wakati ule, tufanye pamoja, tumiliki pamoja, na mie niliiamini, tena sana. Tulikuwa na shamba la mihogo la shirika kule Chanika, tunakwenda kulilima pamoja, na shida yetu ilikuwa usafiri. Kila mwanachama aliingia kwa hisa yake. Mie sikuwa na hisa. Nikawaambia, lichukueni lile gofu la Chang'ombe, mie nitalifufua, na mikono yangu ndiyo iwe hisa yangu.

Walikubali mkutanoni. Nikaacha kazi Gerezani. Masika yote nililala na kuamka na lile lori. Vali, vile vifuniko vinavyoziba pumzi ya injini, nilizisaga kwa mkono, moja moja, mpaka zikakaa kwenye viti vyake zikiwa haziachi hata pumzi. Gaskiti nilikata mwenyewe. Rejeta nililiziba kwa risasi ya kuyeyusha. Siku lilipowaka, wanawake walipiga vigelegele, na mtu mmoja akachinja kuku. Kuanzia hapo nikawa fundi wa shirika. Sikuwa na kazi nyingine, sikuwa na hisa nyingine. Lile lori likitembea mie ni mtu; likifa, narudi nilikotoka, kuosha vya wenzangu kwenye karai. Mke wangu alikuwa ameniambia usiweke mayai yote kapu moja la watu wengi. Nikamwambia wewe siasa huijui.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mnyamwezi, karani wa bandarini, mtu mwenye sauti na kicheko. Mie Mzaramo. Kwa hiyo alikuwa mtani wangu, na kwa kweli alikuwa rafiki yangu. Akija kwangu hapigi hodi. Anaingia jikoni anafunua chungu, anakula kilichomo, anamwambia mke wangu, huyu mtumwa wangu anakulisha vibaya, njoo kwangu. Na mie vilevile. Alipofiwa na mama yake, jeneza likiwa limebebwa, nililala chini mbele ya mlango nikasema halipiti mpaka mpagazi huyu alipe ushuru wa kupita nchi yangu. Watu waliokuwa wanalia wakacheka. Akanilipa huku machozi yanamtoka, akaniinua mwenyewe. Yule ni mtani. Tusi lake hulibebi nyumbani. Ukimkasirikia mtani wako, watu watakuuliza kama una akili timamu.

Kisha petroli ikaadimika. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka. Magari yalipanga foleni mpaka yakaota kutu, na Jumapili mchana barabara zilikuwa tupu kwa amri. Shirika lilipata mgao mdogo, na mgao ule ulikuwa haufiki Chanika na kurudi. Watu wakaanza kunung'unika kwamba lori linakunywa. Hapo ndipo mwenyekiti alipokuja na jambo lake. Kuna mtu Ilala, alisema, ana lori la mchanga limekufa kabureta, na ana kabureta nzima ya gari dogo haina kazi. Yuko tayari kubadilishana, tena ataongeza na tairi. Kabureta ya gari dogo ina mdomo mdogo. Mdomo mdogo unakunywa kidogo. Tutakuwa tumepata tairi na tumepunguza petroli, yote kwa mpigo.

Ukilisikiliza haraka ni jambo la akili. Tairi wakati ule lilikuwa kama dhahabu. Alinieleza kwanza faragha, nikamwambia haiwezekani, akacheka akasema tutaliona mkutanoni.

Mkutano ulikuwa Jumapili, uani kwa shirika, watu wamekaa kwenye mikeka na magogo. Mwenyekiti akaeleza habari ya Ilala, akaeleza vizuri, alijua kusema. Kisha akasema, sasa tumsikie fundi wetu, ijapokuwa ni Mzaramo.

Nilisimama. Nilikuwa nimejipanga niwaeleze kwa mfano wanaoujua. Nikawaambia kabureta ya gari dogo ni kama mwanamke anayempikia mume na watoto wake. Ya lori ni mpishi wa shughuli, anapikia mtaa mzima kwa sufuria moja. Sasa nyie mnataka kumpa mpishi wa shughuli kibirika cha chai, mseme kuni zimepungua. Kuni zitapungua kweli, lakini wageni watakula nini?

Mwenyekiti hakuniacha nimalize. "Mnamwona? Mzaramo hata kabureta haielezi mpaka aipitishe kwenye pilau."

Uani kote kicheko. Nikacheka na mie, ndiyo kanuni yake. Nikamjibu, wewe babu yako alikuja pwani hii na pembe ya tembo kichwani, mzigo kwenu unabebwa na shingo, utajua nini habari za lori? Wakacheka zaidi. Akasema lori hili limelelewa na Mzaramo, ndiyo maana limejifunza kunywa. Kama lingelelewa Tabora lingekuwa linakunywa maji na linasali. Mzee mmoja alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Niliona ninachotaka kusema kinazama. Nikajaribu tena bila mzaha, nikasema ndugu zangu, kwenye barabara tambarare lori litakwenda, hata mie nakubali litakwenda vizuri, lakini likipanda Pugu na mzigo litakosa petroli na vali zitaungua. Nikasema pia, kama ni lazima, basi niruhusuni nipanue jeti, yaani kile kitundu cha kupitishia petroli. Mwenyekiti akauliza, ukipanua itakunywa zaidi? Nikasema ndiyo, kidogo. Akawageukia watu: mmemsikia, kunywa hakumtoki. Kicheko.

Hapo ndipo nilipolitamka lile neno. Nililitamka kama mtani, kwa mtani wangu, mbele ya watu wanaojua utani ni nini. Nikasema: "Haya, fungeni. Lakini lori hili nitalizika Pugu kwa mkono wangu, na wewe mpagazi utabeba mihogo kichwani mpaka Temeke kama babu yako."

Ndiyo kilikuwa kicheko kikubwa kuliko vyote vya siku ile. Mwenyekiti mwenyewe alipiga magoti kwa kucheka, akaja akanishika mkono. Kisha akafuta macho, akauliza wanaokubali wanyooshe mikono juu. Ikanyooka mikono kama shamba la mahindi. Wanaokataa. Nikanyoosha wangu, na dereva wetu, mtu mpole kutoka Lindi, akanyoosha wake nusu, akaushusha.

Basi kabureta ikapita kwa kura. Uchaguzi wa mwenyekiti unapigiwa kura, siku ya kwenda shamba inapigiwa kura. Sijapata kusikia petroli ikihesabu mikono ya watu.

Wengine huniuliza mbona niliifunga mwenyewe. Niliifunga kwa sababu nisingeifunga mie wangemleta fundi wa mtaani, mtu wa nyundo, na angeivunja injini siku ileile. Ile injini nilikuwa nimeisaga kwa mkono. Ningekaa nimtazame mtu mwingine akiitia bisibisi? Matundu ya kabureta mpya hayakulingana na ya lori, nikachonga kibati cha katikati kwa tupa, nikakifanyia gaskiti, kikakaa kama kimetoka kiwandani. Fundi mwingine angeifunga hovyo, ikavuta hewa, lori likagoma kuwaka, watu wakajua wamekosea, mambo yakaisha. Mie niliifunga vizuri mno. Likawaka kwa mguso mmoja.

Na likaenda. Hapo ndipo palipoliwa moyo wangu. Kutoka Temeke kwenda sokoni, tupu au na mzigo mwepesi, barabara tambarare, lori lilikwenda kama gari la harusi na petroli ilipungua kweli. Mwenyekiti akawa anakuja kila asubuhi anaigonga boneti, ananiuliza, mtumwa wangu, umeshachimba kaburi? Watoto wa mtaani waliushika utani, nikipita wananiuliza mazishi lini. Nilicheka. Ungefanya nini? Kila nikisema subirini mlima, ilikuwa ni utani mpya.

Siku ya mihogo ikafika. Tulikwenda Chanika asubuhi, lori tupu, watu wakiimba. Tukavuna, tukapakia mpaka juu ya mbao za pembeni, magunia ya mkaa ya wenyeji yakaongezwa juu, kisha watu wakapanda juu ya magunia. Nikamwambia mwenyekiti tugawe, tufanye safari mara mbili. Akasema mgao hautoshi mara mbili, na alikuwa na haki kwa hilo, petroli haikutosha. Akapanda mbele na dereva. Mie nikakaa nyuma juu ya mihogo, karibu na kichwa cha lori, ili niisikie injini.

Kabla ya Pugu iliniambia yote. Kwanza ilianza kupiga chafya kwenye kabureta, chafya kavu, kama mtu aliyevuta ugoro. Ile ni sauti ya hewa nyingi na petroli haba. Bakuli dogo lilikuwa linakauka kabla halijajaa tena. Mlima ulipoanza, dereva akaweka gia ya kwanza, akakanyaga mafuta mpaka chini, na kabureta ya gari dogo ikatoa yote iliyokuwa nayo, na yote iliyokuwa nayo haikutosha. Nikainama pembeni kutazama bomba la moshi. Lilikuwa jekundu. Mchana kweupe, jekundu kama kaa la mkaa.

Niligonga paa kwa ngumi. Nikapiga kelele simameni, watu washuke, mzigo upungue. Dereva akatoa kichwa dirishani akanitazama, kisha akamtazama aliyekuwa kando yake. Nikamsikia mwenyekiti akimwambia, tukisimama hapa hatuondoki, kanyaga. Na dereva akakanyaga. Simlaumu. Mwenyekiti alikuwa mwenyekiti.

Injini haikufa kwa kishindo. Ilianza kupoteza sauti moja, halafu nyingine, kama kwaya ambayo waimbaji wanatoka mmoja mmoja. Kisha lori likasimama, likaanza kurudi nyuma, watu wakaruka wakatia mawe kwenye matairi. Nilifungua boneti, nikashika hendeli ya kuwashia nikazungusha. Ilizunguka laini, bila ukinzani wowote. Mkono wangu ukajua. Vali zimeungua, hazifungi. Zile zile nilizozisaga masika yote.

Watu wakabeba walichoweza kichwani wakaanza kushuka kuelekea Gongo la Mboto. Mwanamke mmoja, mama mtu mzima wa mtaani kwetu, alijitwika furushi la mihogo akasema, loo, Mzaramo alitabiri, wapagazi tumepatikana. Wachache wakacheka. Nikamtazama mwenyekiti, nikingoja jibu lake. Yeye hakuwahi kukosa jibu. Alikuwa amesimama kando ya mlango wa lori ameangalia chini, hakucheka. Akaniuliza, polepole, kwa nini nilisema Pugu. Nikasema si ndiyo mlima ulipo? Akageuka, akawafuata wenye mihogo. Nikaanza kuogopa pale, mchana ule, hofu ambayo sikuwa nayo hata bomba lilipokuwa jekundu.

Lori lilivutwa mpaka uani kwa shirika. Nikaomba nilifungue, vali zilizopona nizisage, zilizoungua nitafute za kuchongesha. Nilijua ningeweza. Niliomba pia kabureta yake ya zamani irudishwe kutoka Ilala, tumrudishie mwenyewe tairi lake. Nikaambiwa nisiguse kitu mpaka mkutano ukae.

Mkutano ule haukuwa wa mikeka na vicheko. Mwenyekiti alivaa shati lake la ofisini. Alianza kwa kusema nchi yetu ina maadui, na adui mbaya ni yule aliye ndani ya nyumba. Alisema kuna watu hawapendi kazi za pamoja, wanataka watu washindwe ili wao wajiendeleze wenyewe. Nilikuwa nimekaa mbele, bado nadhani anasema habari za siasa. Kisha akaniita nisimame.

"Ndugu fundi," akasema. Hakuwahi kuniita ndugu tangu tujuane. "Ulisema au hukusema, mbele ya mkutano huu, kwamba utalizika lori la wananchi Pugu kwa mkono wako?"

"Nilisema. Nilikuwa namtania mtani wangu."

"Hapa hakuna mtani. Hapa kuna mwenyekiti."

Niliwatazama wale watu. Kila mmoja wao alikuwepo, kila mmoja alicheka, yule mzee wa kofia alikuwa mbele yangu kabisa. Ningetaka mmoja tu aseme, aa, mwenyekiti, lakini ule ulikuwa utani. Waliangalia vidole vyao. Akaniuliza nani aliyeifunga ile kabureta. Nikasema mie, kwa kuwa mliniagiza. Akauliza kama nilijua italiua lori kwa nini niliifunga. Nikaanza kueleza, koo pana, koo jembamba, tundu la akiba, nikajiona naongea kama mtu anayeweweseka kwa homa. Sasa nilipotaka waniamini kwamba sikutania habari ya kabureta, waliona najitetea. Na nilipotaka waamini kwamba kaburi la Pugu lilikuwa utani, waliona nilimaanisha. Walikuwa wamenisikia kinyumenyume tangu mwanzo.

Neno hujuma hakulitamka yeye, alilitamka mtu wa nyuma. Ilitosha. Wakati ule neno hilo likikushika lilikuwa kama upele, watu wanakukwepa njiani. Mwenyekiti akasema tusifike mbali, tumalize wenyewe nyumbani, kama ananihurumia. Akauliza wanaokubali fundi atolewe kwenye shirika, na hisa yake ibaki kufidia hasara, wanyooshe mikono. Ilikuwa mikono ileile. Mingine niliifundisha kubadili tairi. Dereva hakunyoosha, akatoka nje kwenda kukojoa, akarudi ilipokwisha.

Mke wangu aliniambia usiku ule jambo ambalo halijanitoka. Alisema, kilichokuponza si kabureta, ni mdomo. Mtu akitaka kusema la kweli hacheki nalo. Nilimkatalia, na mpaka leo namkatalia. Nisingecheka wangesema Mzaramo huyu ana kisirani, hawezi kutaniwa. Nilifanya alivyofanya baba yangu na babu yangu. Aliyevunja utani ni yule aliyeupokea kwa mkono wa kulia akautia mfukoni kama ushahidi.

Fundi mwingine aliitwa baadaye kulitazama lori. Alifungua kichwa cha injini, akawaambia vali zimeungua kwa kukosa petroli, hii kabureta si yake. Alisema tu hivyo, akaondoka. Hakuna aliyekuja kwangu na habari ile, nilimsikia mwenyewe akisimulia kwenye mgahawa. Hata hakujua mie ni nani. Lori halikutengenezwa. Lilikaa pale uani juu ya mawe. Kwanza ikatoweka betri, kisha viti, kisha taa, na mbuzi wakahamia chini yake kukwepa jua. Nilikuwa napita pale kwenda kuosha vya wenzangu. Ndiyo, nilirudi kwenye karai, mtu mzima, na walionitazama walikuwa vijana niliowakuta hawajui kushika spana. Niliosha. Kisha nikahama Temeke, nikaja huku Mbagala wakati pana mikorosho mingi kuliko nyumba, nikafunga turubai kwenye miti minne, nikaanza. Peke yangu. Hapa gereji yangu hakuna mkutano. Anayetaka kunyoosha mkono anyooshe kushika spana.

Shirika lilikufa bila mtu kulizika. Malori ya siku hizi karibu yote ni ya dizeli, hayana kabureta kabisa, na vijana wangu wananiuliza habari za tundu la akiba kama wanaouliza habari za majini.

Mwaka uliopita mwenyekiti alikuja. Alikuwa amestaafu bandarini, nywele nyeupe, na gari dogo la zamani alilonunua kwa mtu. Lilikuwa linazima kila akipunguza mwendo. Nadhani hakujua gereji ni yangu mpaka aliponiona, au alijua. Alishuka akanitazama, uso ukafunguka, akasema kwa ile sauti yake, mbele ya wateja wote:

"We Mzaramo, bado tu hujafa? Ardhi imekukataa?"

Vijana wangu waligeuka wakitabasamu, wakingoja. Jibu lilikuwepo. Lilikuja lenyewe mpaka kwenye ulimi, zuri, lenye pembe za tembo na kila kitu. Nikalimeza. Nikafuta mikono kwa kitambaa.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Gari lina tatizo gani?"

Hatukupishana umri hata kidogo, na katika maisha yetu yote hakuna aliyewahi kumwamkia mwenzake. Akajaribu kucheka, akasema aa, mtumwa, umekuwa mstaarabu siku hizi. Nikamwambia akae kwenye benchi, mzee, haitachukua muda. Akasema marahaba, kwa sauti ndogo sana.

Niliifungua kabureta yake mwenyewe, sikumwachia kijana. Kimfereji cha kulifanya gari litulie bila kukanyaga mafuta kilikuwa kimeziba uchafu. Nilikiosha, nikakipuliza, nikakirudisha, nikairekebisha mpaka gari likawa linanguruma polepole kama paka. Kwenye kabureta ya gari dogo hapo ndipo penye ufundi, kwenye utulivu wake. Yeye alikaa benchi muda wote ananitazama mikono. Mara mbili alikohoa kama anayetaka kuanza jambo. Sikuinua kichwa.

Nilimtajia bei ile ile ninayomtajia mtu yeyote. Alilipa, lakini hakuingia garini. Alisimama kando ya mlango, gari linawaka, anageuzageuza mkononi chenji niliyomrudishia. Alikuwa anangoja. Tusi moja tu lingemtosha, hata dogo, na angeondoka akiwa mtu aliyesamehewa. Nilimfungulia mlango.

"Safari njema, mzee," nikamwambia, nikageuka kwa mteja anayefuata.